Injini Mpya ya Gari Kuukuu

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mama mmoja fundi cherehani alimwambia mzee aliyeketi naye kwamba anakwenda gereji kuchukua gari lake, limewekwa injini nyingine. "Limetembea sana?" "Mita yake ilishachoka kuhesabu." "Basi ungeongeza hela kidogo ununue jingine, mama. Gari kuukuu ni kidonda ndugu."

"Hata shemeji zangu walisema hivyo, mzee wangu. Lakini nilipofiwa na mume, gari hilo ndilo lililonibebea nguo sokoni mpaka wanangu wakamaliza shule. Injini wameilipia wao."

Mzee akakohoa kikohozi kisicho na mafua, akasema hasara ni hasara.

Basi likasimama mbele ya gereji. Fundi wa magari alipomwona mama dirishani akawasha gari lake, likanguruma mara moja. Mama akashuka akipiga vigelegele. Mzee akachungulia dirishani: "Na giaboksi je?"