Jairos Ilunga, Fundi Asiyekuwa na Ukoo

Wafiwa wenzangu, mimi Lackson, kaka wa mjane, nimepewa kazi ya kuwasomea safari ya shemeji yangu Jairos Ilunga, na kwa kuwa alinitania miaka zaidi ya ishirini bila kupumzika, leo ni zamu yangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1909 huko Moba, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, akasoma misioni kuanzia 1918 hadi 1922, akajifunza useremala, na mwaka 1931 akaajiriwa Kasenga na Mgiriki mmoja mnunuzi wa samaki, akimtengenezea mashua za mbao. Agosti 1934 alivuka mto Luapula, ulio mpaka wetu na Kongo, akaja kwetu Nchelenge na randa, msumeno na Kiswahili chake, nasi tuliozoea mitumbwi ya gogo tulimcheka, kisha tukaanza kumwagiza mashua.

Tarehe 12 Oktoba 1935 alimwoa dada yangu Mable, wakajaliwa Felistus, Kafula na Beauty. Mwaka 1938 mama yetu alipofariki, Jairos alishika jembe aende makaburini, akarudishwa, maana kwetu kaburi huchimbwa na watani, watu wa ukoo unaotaniana na ukoo wa marehemu, na yeye huku hakuwa na ukoo wowote. Alienda karakanani, akabomoa mashua aliyokuwa ameianza, akamtengenezea mkwewe sanduku. Wazee walinung'unika kwamba Mama si samaki mkavu wa kupakiwa, kwa kuwa sisi tulizika kwa mkeka. Lakini leo, kutoka hapa hadi Puta, hakuna anayekubali kuzikwa bila mbao za Jairos.

Hata hivyo jambo lile lilimkaa moyoni, akawa anamwuliza Mable ni nani atakayemchimbia yeye, na Januari 1957, alipoanza kuumwa kifua, alitaka arudishwe Moba, ingawa huko hakubaki hata mmoja wa kumjua.

Tarehe 20 Mei, akiwa amelazwa dispensari, aliingia Bwembya, mzee wa ukoo wa Mamba, yaani bena ng'andu, hakutoa pole, akasimama mlangoni na kusema, "Weye samaki, utakufa siku gani? Siye bena ng'andu tuko na njala." Kila mtu hapa anajua kwamba Mamba humtania hivyo mtu wa ukoo wa Samaki tu, na kwamba anayekutania ndiye atakayekuzika. Wazee wa Samaki walikuwa wamekwisha kumpokea katika ukoo wao, wakawaachia watani wampe habari. Jairos alicheka mpaka akalia, na Moba hakuitaja tena. Alifariki Ijumaa tarehe 14 Juni.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wake, majirani waliotupikia, na mafundi na wavuvi wa ng'ambo zote mbili. Nanyi watani wetu wa Mamba, mliochimba tangu alfajiri huku mkimtukana, asanteni. Hata sanduku mmelipigilia misumari wenyewe, nalo limepinda, fundi mwenyewe asingelikubali kamwe.

Pumzika kwa amani, Samaki.