Amuri bin Uledi, Fundi wa Kiti cha Darubini

Ndugu mliotoka Minago, Kabonga na hapa Rumonge, familia inaomba mtusikilize, mjue tunamzika nani, kwa sababu huko bomani ameandikwa mwizi.

Marehemu Amuri bin Uledi alizaliwa Ujiji mwaka 1868, akasoma Kurani mpaka akahitimu, akajifunza useremala kwa mjomba wake, na mwaka 1893 akahamia Rumonge, akaunda mashua ambazo wengi wenu mnavulia hadi leo. Tarehe 4 Mei 1896 alimwoa Mwasiti binti Abdulhamid, wakajaliwa mtoto mmoja, Biasha.

Mwaka 1908 alifika daktari Mzungu kutibu malale, naye alikuwa na darubini kubwa ya kutazamia nyota, iliyosimama juu ya miguu mitatu myembamba, hata upepo mdogo wa ziwani uliitikisa asione kitu. Amuri alimwahidi kiti kisichotikisika, akafanya kazi miezi minne, akachonga nguzo ya mvule, akaisimika ndani ya sanduku lililojaa mchanga, akachukua chuma cha usukani wa mashua iliyovunjika, akakilaza juu ya nguzo kikielekea kusini, akakipaka mawese ili darubini izunguke juu yake, na kwa mkono mmoja tu mtu akaweza kuifuata nyota tangu inapochomoza hadi inapotua. Daktari alipohamishwa mwaka 1912, alimwachia Amuri vyote viwili, pamoja na barua yenye sahihi, na tangu hapo kila aliyetaka kuuona mwezi wa Ramadhani, mwanamume au mwanamke, alikaribishwa uani kwake.

Jumamosi tarehe 30 Januari 1915 askari wa boma waliitupa darubini chini, wakabeba kiti, wapate pa kufungia mzinga wa vita. Amuri aliwafuata bomani na barua yake, lakini bwana mkubwa wa boma, Mjerumani, alisema kwamba mtu mweusi hawezi kutengeneza kitu kama kile, basi kimeibwa, na barua ni ya uongo. Amuri akamjibu kwa upole, "Bwana, ng'oa ubao wa chini wa kiti, utakuta nimechonga jina la mutoto wangu."

Ubao uling'olewa, na karani wa boma, jina lake Sikujua, akasoma kwa sauti, mbele ya askari wote, Biasha binti Amuri. Bwana mkubwa akaamuru Amuri apigwe hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, si kwa wizi tena, bali kwa kumwaibisha, ingawa daftarini neno mwizi halikufutwa. Kile chuma kilichofuata nyota walikikata, wakakitupa, wakisema hakina kazi.

Majeraha yalioza, homa ikampanda, na alfajiri ya Ijumaa tarehe 12 Februari 1915 akafariki mikononi mwa Mwasiti, akiwa na miaka arobaini na saba.

Tunamshukuru Bibi Kadidja aliyemwosha vidonda kila siku, majirani waliotupikia, mafundi wenzake walioacha kazi tangu asubuhi, na karani Sikujua, aliyesoma kilichoandikwa, huku akijua anamsomea nani. Boma hatulishukuru.

Pumzika kwa amani, Fundi Amuri, maana sisi uliotuacha hatujatulia.