Redio ya Mama na Kompyuta ya Kwanza

Baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne kazini, fundi wetu mkuu, tuliyembandika jina la Bisibisi, anastaafu tarehe 30 Juni. Karakana imeshaanza kupooza.

Aliajiriwa kutengeneza redio na simu za ofisi. Mwaka wake wa tatu ikaja kompyuta yetu ya kwanza. Ikapewa chumba, pazia na feni, sisi binadamu tukijipepea kwa mafaili. Kuingia humo sharti uvue viatu! Nyuma yake kulikuwa na kibandiko chekundu: atakayeifungua, kazi hana. Bisibisi alikuwa akipita kila asubuhi kuitegea sikio, akiuliza nani hasa anayehesabu humo ndani. Hakuna aliyejua.

Siku moja ikazimika, na wiki moja tu imebaki orodha ya walimu wapya, iliyokuwa humo ndani, itoke. Mtaalamu wa kigeni angefika baada ya miezi mitatu. Mkuu wa idara akakataza katakata isiguswe. Saa ya chakula cha mchana, Bisibisi akakichana kibandiko mlango ukiwa wazi, nami, mpiga chapa wa wakati huo, nimeshika kichwa. Mwenzangu alikuwa na mke na mtoto mchanga!

Ndani alikuta mjusi aliyekauka na kapasita moja, kikopo kidogo cha kutunza umeme, iliyopasuka. Alichora kila kipande kwenye daftari kabla ya kukigusa. Kapasita ya kufanana nayo akaitoa nyumbani, kwenye redio ya mkewe, akaahidi kuirudisha kesho yake.

Mashine ikawaka. Mkuu alikuwa ameshaniandikisha barua ya kumfukuza; akaichana mwenyewe, kisha akaomba aonyeshwe huyo mjusi. Daftari lile, alilotufundishia baadaye, ndilo lililonitoa kwenye taipureta na kunifanya fundi, mimi na wengine kumi na mmoja.

Lakini hiyo kesho, jamani! Redio ya mama, mkewe, imekaa kimya juu ya kabati miaka thelathini na tatu. Tulitaka kumnunulia mpya, akagoma: anaitaka ileile, na fundi yuleyule.

Kwa hiyo zawadi yako, Bisibisi, ni kapasita moja mpya. Asante kwa kutufundisha kuuliza. Tunakuombea afya njema na siku ndefu za kuchokonoa utakacho. Mama amekaa mstari wa mbele, redio mapajani, na nyuma ya redio hiyo tumebandika kibandiko chekundu. Safari hii ruhusa unayo. Fungua.