Aune Hietaharju na Mguu wa Taisto

Aune Hietaharju, tunayemlaza leo katika makaburi ya Intiö, Oulu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Haapavesi, binti wa Eemeli na Hilja Junttila. Wapo jamaa wanaopenda kusimulia kwamba aliipata hamu ya kazi yake utotoni, akitazama njegere zikipanda nyuzi alizozifunga mama yake. Marehemu alikanusha. "Njegere zile zilikufa kwa baridi ya Juni," alisema, "na mimi nilikuwa ndani nakula."

Aliingia Chuo Kikuu cha Oulu mwaka 1970 kusomea udaktari. Wodini aliona vidonda vinavyofunga na vile vinavyogoma, akajiuliza nyama ikiumia, mishipa mipya ya damu hujuaje pa kupita. Aliushuku wavu wa protini ambao seli hulala juu yake. Wenzake waliuona kama godoro tu. Yeye alihisi godoro hilo linatoa amri.

Tarehe 19 Mei 1989 alisimama kutetea tasnifu yake mbele ya watu na mbele ya mpinzani rasmi, msomi anayealikwa kuihoji, Profesa Almlöf kutoka Sweden. Alionyesha picha za seli za mishipa zikijipanga kama mirija juu ya jeli ya protini.

"Na seli za kawaida za ngozi, ukizimwaga humo?" aliuliza mpinzani.

"Sijajaribu."

"Aa."

Alifaulu. Usiku kwenye karamu, ambayo kwa desturi yetu mwenye tasnifu humwandalia mpinzani wake, alimshukuru kwa kumharibia siku kwa adabu. Jumatatu alijaribu. Seli za ngozi nazo zilijipanga mirija, kwa hiyo picha zake hazikuthibitisha lolote kuhusu mishipa. Aliyachapisha hayo kwa jina lake kabla hajaulizwa, kisha akaanza upya, safari hii kwa panya wenye majeraha. Ilimchukua miaka kuonyesha kwamba wavu wa muda wa kidonda kibichi huivuta mishipa, wavu uliokomaa huiambia itulie, na katika kidonda sugu wavu huliwa na vimeng'enya vya mwili kabla mishipa haijafika.

Mwaka 1976 alikuwa ameolewa na Taisto, dereva wa treni mwenye ugonjwa wa sukari. Mwaka 2006 Taisto alipata kidonda cha mguu. Wakati huo, katika friji ya maabara yake, ilikuwapo jeli ya kuvuta mishipa, iliyokuwa ikifunga vidonda vya panya vizuri mno. Taisto aliyaleta maneno sauna, kwenye chumba cha kuogea mvuke, mguu umefungwa mfuko wa plastiki.

"Mama Outi, niletee hicho kijeli. Mimi na panya sote tunapenda jibini."

"Ngozi ya panya hujivuta yenyewe ikafunga. Yako haijivuti. Na kitu kinachoita mishipa sijui kitaita na nini kingine."

"Yaani mke profesa, na mimi nakatwa?"

"Ndiyo."

Taisto alimsogezea ndoo ya kumwagia mawe ya moto. "Haya, mwaga maji basi."

Alikatwa mguu mwezi Novemba. Aliishi miaka tisa zaidi, akimtambulisha mkewe kwa wageni kama mama anayefua soksi mojamoja. Marehemu alicheka kila mara, ila kwa kuchelewa kidogo. Kama jeli ilikuwa dawa, alikuwa amemnyima mumewe. Kama haikuwa, alikuwa amefuga panya tu.

Mwaka 2023, damu ikiwa haifiki vizuri miguuni, yeye naye alipata kidonda cha kisigino. Jeli ilikuwa imefika kwenye majaribio ya watu: wengine hupewa yenyewe, wengine jeli tupu isiyo na dawa, kwa kura, na mgonjwa haambiwi. Alijiandikisha kama mgonjwa yeyote. Kidonda kilifunga.

"Mama, imefanya kazi!" alisema binti yake Outi.

"Au nimepona tu. Watu hupona, Outi, hata bila ruhusa yangu. Na msije mkasema kanisani kwamba iliniponya."

Moyo wake ulisimama nyumbani tarehe 2 Februari 2025. Matokeo ya majaribio yatafunguliwa Mei. Kwa hiyo hatusemi.

Ameacha watoto wawili, Outi na Jouni, mjukuu Venla, dada yake Martta, na maabara yenye watu wanaouliza maswali ya Almlöf. Apumzike kwa amani kando ya Taisto, ambaye, kama tunavyomjua, ameshamwuliza habari za kijeli.