Bujiku Mayige na Tumbusi wa Ngitili

Mwadila, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Bujiku Mayige, mfugaji na mkulima wa pamba wa hapa Bariadi, tuliyemzika Jumamosi. Kifo chake kinatisha, siwafichi. Familia yake imetuomba tukieleze chote.

Bujiku aliwaogopa fisi. Miaka minne iliyopita walikula ndama wake watatu kwa wiki moja. Akapandwa na hasira. Ng'ombe wake mzee akafia ndani ya ngitili, yale malisho tunayoyafunga masika ili mifugo isife njaa kiangazi. Bujiku hakumfukia, wala hakumwambia mtu. Aliumwagia mzoga dawa ya kunyunyizia pamba.

Asubuhi alikuta fisi wawili wamekufa. Akafurahi. Kisha akatazama pembeni. Tumbusi walikuwa wamelala kila mahali, mabawa wazi. Alihesabu hadi thelathini na saba, akashindwa kuendelea. Tumbusi, wasikilizaji, ndio wanaosafisha malisho yetu. Mzoga wanaumaliza kabla haujaoza.

Mwaka uliofuata ukame uliua ng'ombe, na hakuna tumbusi aliyeshuka. Mizoga ikaoza wiki nzima. Mbwa wakaifuata, wakashiba, wakazaana, wakawa makundi yasiyo na mwenyewe. Kisha kichaa cha mbwa kikaingia humo. Watu wakaanza kuwasindikiza watoto shuleni na marungu mkononi. Bujiku peke yake alijua yote yalianzia wapi. Loo, hofu iliyomkaa mzee huyu!

Akaanza kufukia mizoga ya kijiji kizima. "Tulidhani amechanganyikiwa," anasema Flora, binti yake. "Ng'ombe wa jirani anakufa, baba anakimbia na jembe. Ukimuuliza, baba, kwani ng'ombe ni wako? Anaendelea kuchimba tu."

Juni mwaka huu, akiwa anachimba, mbwa alimng'ata kifundo cha mguu. Kidonda kidogo. Akafunga kitambaa, akavaa buti. Hakwenda kuchomwa sindano. Aliogopa angeulizwa habari za mbwa, na kila swali aliliona linaelekea kwenye ile dawa ya pamba. Ndivyo alivyofikiri, maskini.

Agosti maji yakaanza kumtisha. Mkewe, Milembe, alimletea kikombe cha maji, Bujiku akakirusha ukutani. Alipotulia kidogo alimwambia, "Mama Flora, wale tumbusi niliwaua mimi. Watoto wasipite ngitilini, mbwa wapo." Ndipo familia ikajua. Kesho yake alifariki.

Pole sana, Mama Flora. Pole, Flora, na ukoo wote wa Mayige.

Wasikilizaji wapendwa, ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, dakika kumi na tano, uende hospitali siku hiyo hiyo. Nenda hata kama una siri. Na kama nawe umewahi kutega sumu, tafakari, maana Milembe ana neno kwako. Alitushika mikono pale msibani, akasema, "Aje aseme. Hatutamfukuza. Mizoga bado ipo, na sasa hakuna wa kuifukia."