Mama Sakafu, Aliyetufundisha Kuanguka

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, Mama Sakafu anastaafu. Ameitumikia shule yetu ya ngoma ya mtaa kwa miaka ishirini na tisa, na miaka yote hiyo alikuwa na darasa moja tu, lile ambalo kila mtu hulipitia kwanza, awe na umri wa miaka sita au sitini: Darasa la Kuanguka. Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, mwalimu wa vijana, kwa sababu walimu wenzangu wana vyeti vingi lakini maneno hawana. Mimi vyeti sina, shule niliiacha kabla haijaniacha, ila maneno nilijaliwa gunia zima. Basi kaeni vizuri.

Kwa mgeni asiyetujua: hapa hufundishwi kucheza mpaka ujue kuanguka. Unakwenda chini kwa paja, kwa ubavu, kwa bega. Hutangulizi mkono wala goti, sembuse kidevu. Unaamka, unakwenda tena. Hakuna ngoma, hakuna kioo, hakuna kujirembesha. Ni wewe na sakafu mnazoeana, muhula mzima, mpaka muelewane.

Mama alipotangaza kwamba anaondoka, tulimuuliza anataka zawadi gani. Fundi wetu wa mavazi alishatoa futi mfukoni, tayari kumpima. Mama akasema, "Sitaki nguo, sitaki kiti. Wadogo wasisimamishwe kabla ya kulazwa. Basi." Wiki iliyofuata Mkuu wetu akabandika ubaoni ratiba mpya ya muhula ujao. Kulikuwa na kila kitu: mzunguko, miruko, miondoko ya kisasa. Kuanguka hakumo. Mkuu alikuwa na sababu zake. Wazazi walikuwa wanalalamika, na ile shule ya ng'ambo ya barabara inawapiga watoto picha za video wiki ya kwanza tu, tayari wanakata kiuno. Mama aliisoma ratiba akiwa amesimama, ndoo mkononi.  Akaenda kupiga deki.

Mambo yaliishia wapi, mtaelewa mbele. Kwanza mjue tunamuaga nani.

Jengo hili lilikuwa ghala la saruji. Mkuu na Mama Sakafu walipoanza, chini kulikuwa zege tupu, baridi kama roho ya mwenye nyumba. Mkuu alitaka waanze hivyo hivyo. Mama akamwambia kwamba mtoto wa mwenzake hamlazi kwenye zege, na kama Mkuu anaona ni sawa, atangulie yeye. Mkuu hakutangulia. Ndipo Mama na Kishindo, mpiga ngoma wetu, wakakusanya mbao za makasha yaliyovunjwa, wakazipiga randa, wakazipigilia moja moja mpaka ukumbi wote ukavaa mbao. Hapo ndipo jina la Mama Sakafu lilipozaliwa. Jina lake halisi liko kwenye karatasi za ofisini, na likiitwa, hata yeye hugeuka nyuma kutazama anaitwa nani.

Kila asubuhi, kabla hatujafika, hupita juu ya mbao hizo peku, polepole, kona hadi kona. Anatafuta misumari iliyoinuka. Nimewahi kumwona akisimama katikati ya ukumbi, macho yakiwa dirishani, akasema, "Huyu hapa, ameanza kuchungulia." Nikainama, nikatazama, sikuona kitu. Nikapitisha kidole: kweli, kichwa cha msumari, kimeinuka kiasi cha unene wa ukucha. Nyayo za watu wengine zinakanyaga. Za huyu mama zinaona.

Ubao mmoja tu aliuacha ulie, ule wa karibu na mlango. Kishindo alitaka kuurekebisha, akamkataza. Tangu hapo mchelewaji wa shule hii hahitaji kuandikwa jina. Ubao unamshitaki mwenyewe.

Sasa niwaambie siku niliyomwamini. Nilikuja hapa nikiwa tayari dansa wa kutazamwa, mtaa mzima mnanijua, msijifanye. Mama akaniambia nianguke. Nikaanguka kwa mbwembwe zote, na mkono nikauinua hewani kwa madoido. Lakini sauti iliyotoka, ndugu zangu, ilikuwa ya gunia la viazi likishushwa kwenye lori. Mama akauliza, "Umeisikia?" Nikasema nimeisikia. "Basi fumba macho, usikilize yangu."

Nikafumba. Nikangoja. Nikasikia Kishindo akikohoa kwenye kona yake, nikasikia pikipiki inapita nje. Nikaona huyu mama ananipotezea muda, nikafumbua macho ili nimwambie aanze. Alikuwa chini. Amelala ubavu, shavu juu ya mkono, kama mtu aliye kitandani kwake. Akaniambia, "Mwanangu, unangoja nini? Mimi nimeshafika." Wakati huo alikuwa ameshavuka hamsini. Vinyweleo vilinisimama mpaka kisogoni. Nimeona watu wakiruka juu kuliko kimo chao, nimeona wakizunguka kwa kichwa, na mmoja wao ni mimi. Lakini kitu kile sijakiona kwa mtu mwingine. Ni kama kanga iliyoteleza kutoka kwenye kamba. Hujui ilianza lini kuanguka.

Wapo waliombishia. Baba mmoja mwenye sauti ya kipaza alikuja kumchukua mwanawe, akafoka hapa ukumbini: "Mimi nimeleta mtoto kucheza! Kuanguka anajua tangu alipojifunza kutembea!" Mama hakupandisha sauti. "Kuangushwa ndiko anakojua, baba. Kuanguka bado." Yule baba akaondoka. Mtoto alimwacha darasani.

Na bibi mmoja aliyekuwa akimleta mjukuu wake alichoka kukaa kwenye benchi, akauliza kama na yeye anaweza. Mama akamtandikia godoro. Wote wawili walimaliza muhula, bibi akiwa mbele ya mjukuu, na alijisifu mpaka tukamwomba apunguze. Miezi kadhaa baadaye bibi huyo aliteleza bafuni kwake kwenye sabuni. Kesho yake alikuja hapa kwa miguu yake miwili, akajipiga kiuno mbele ya darasa zima ili tusikie kwamba ni kizima. "Nilikwenda kwa ubavu," akasema, "na ndoo sikuiachia." Yuko mstari wa mbele leo. Mtamjua, ni yule asiyeweza kukaa kimya.

Lakini kubwa kuliko yote ni la onyesho lile mnalolikumbuka, au mnalodai kwamba mlikuwepo. Ukumbi umejaa, wageni wa heshima wamekaa mbele, binti anayeongoza ngoma yuko katikati ya jukwaa. Fundi wetu wa mavazi, ambaye lesi humlewesha kama wengine wanavyolewa pombe, alikuwa ameongeza shubiri nzima kwenye pindo la sketi ya binti huyo asubuhi ile, bila kumwambia mtu, eti ipendeze. Binti akakanyaga pindo. Akaenda chini. Mikono ya Kishindo ikabaki hewani. Ukumbi wote ukavuta pumzi na usiitoe.

Ndipo Mama Sakafu akatokea nyuma ya pazia na gauni lake la kazini, akatembea mpaka pale, akaanguka kando ya binti. Bila sauti. Wachezaji wakamwona mwalimu wao yuko chini, na miili yao ikajua la kufanya: mmoja akaenda, wa pili, wa tatu, kama nyasi upepo unapopita, mpaka jukwaa zima likalala. Binti alikuwa analia akitaka kujiinua akimbie. Mama akamnong'oneza maneno ambayo tulikuja kuyajua baadaye: "Usiamke peke yako. Tungojee." Wakakaa hivyo. Kisha wakainuka wote kwa pamoja, na Kishindo, ambaye hujamsikia akisema sentensi mbili kwa siku, akaipiga ile ngoma kama mtu aliyekuwa na deni nayo.

Watu walisimama kushangilia. Mgeni mmoja mwenye miwani alimuuliza Mkuu ile sehemu ya kuanguka inaitwaje. Mkuu wetu, ambaye dakika mbili kabla alikuwa nyuma ya pazia ameshika kichwa, akajibu kwa sauti ya mwenye mali, "Huo ni ubunifu wetu hapa shuleni." (Mkuu amepitia andiko hili na kufuta sentensi mbili. Hii imebaki.)

Tangu siku ile ndiyo desturi yetu: mmoja akianguka, wote tunaanguka, na haamki mtu mpaka aliyeanguka kwanza awe tayari. Yule binti ndiye mwenzetu Mwalimu Pindo, na jina hilo halimuudhi tena.

Sasa turudi kwenye ratiba. Wiki tatu zilizopita Mama Sakafu hakuwepo, alikwenda kushughulikia karatasi zake za kustaafu. Wadogo walikuwa na Mwalimu Pindo ukumbini. Mkuu akawa anashuka ngazi za jukwaa amebeba kasha la mavazi lililomziba macho, akakosa ngazi ya mwisho. Alianguka kama kabati. Kasha likapasuka, sketi ya ndani ikatua kichwani kwake.

Mahali pengine popote watu wangekimbia kumwinua. Hapa, mtoto mdogo kuliko wote alimtazama, akaenda chini kwa ubavu, vizuri kabisa. Wenzake wakafuata. Mwalimu Pindo akafuata, na anasema mwili wake uliondoka kabla ya akili. Kishindo akaweka ngoma pembeni, akalala na ndevu zake nyeupe. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Nikashuka nacho, na chai haikumwagika, walioona wapo.

Mkuu akaita, "Jamani, niinueni!" Hakuna aliyesogea. Yule mdogo akamjibu kwa adabu, "Haturuhusiwi, Mkuu. Tunakungoja wewe."

 Alilala akitazama paa. Tulisikia pumzi yake ikitulia. Halafu kile kisauti kikaja tena, "Ubavu kwanza, Mkuu. Halafu goti." Akageuka ubavu. Akapiga goti. Akasimama, na ukumbi mzima ukasimama naye. Hakuumia sana, kilichovunjika ni kasha tu.  Alichechemea mpaka ubaoni, akaibandua ile ratiba, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mama aliporudi watoto walimpokea na habari kwamba Mkuu alianguka vibaya sana. Akauliza swali moja, "Aliamka na watu?" Wakasema ndiyo. Akachukua ndoo yake. Ubao wa ratiba ulikuwa mtupu, akauona, akaenda kupiga deki. 

Mama, tunakushukuru. Kwa sakafu, kwa misumari uliyoiona kabla haijatuona, kwa viuno vyote vizima vilivyomo ukumbini humu. Wanafunzi wako wengine leo wako kwenye majukwaa makubwa, wengine ni wauguzi, mafundi umeme, wachukuzi sokoni, na wote wakiteleza wanakwenda kwa ubavu. Pumzika kwa haki yako.

UKURASA WA NYUMA

Nakala ya Mama Sakafu haina ukurasa huu. Ukikaa karibu naye, ukunje wako.

Mkuu akimaliza hotuba yake, atashuka jukwaani kumkabidhi Mama shada la maua. Kishindo atanyamazisha ngoma. Hapo Mkuu ataanguka. Mgeni, usiite gari la wagonjwa.

Kwa wiki tatu Mwalimu Pindo amekuwa akijifungia na Mkuu ofisini, na sisi huku nje tumesikia vishindo mpaka vumbi la dari likatudondokea kwenye chai. Jumanne hii hatukusikia kitu. Tukaogopa, tukafungua mlango. Mkuu alikuwa ameshafika chini.

Basi akishaanguka yeye, wanafunzi wote wataanguka, wa zamani na wa sasa. Wazazi mnakaribishwa. Mwenye goti bovu abaki kwenye kiti na ainamishe kichwa, atahesabiwa. Msihofie nguo, sakafu Mama ameideki mwenyewe asubuhi. Watoto wameitunza siri hii kuliko watu wazima, kwa kuwa tuliwaahidi kwamba watamwona Mkuu akianguka tena.

Mama atafanya nini, hatujui. Akisimama kututazama, tutalala mpaka amalize kututazama. Akija chini, tutangojea aamke yeye kwanza. Na kule chini, kwenye mkono wa Mkuu, ataiona ratiba ya muhula ujao, ameiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mstari wa kwanza unasomeka hivi: Kuanguka. Muhula mzima. Mwalimu Pindo.

Akishaisoma na kuinuka, tuinuke naye, na tumwambie kwa sauti moja: Nenda na heri, Mama, uishi vema na kwa raha. Sakafu tunayo.