Mfuko wa Maharage na Kura ya Mwisho

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha baiolojia katika shule yetu hii ya kanisa, Mwalimu Maharage anastaafu rasmi tarehe 30 Novemba. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wake wa mwanzo, naye huliitikia hata mbele ya wakaguzi.

Maharage yenyewe, mekundu na meupe, hukaa katika mfuko wa kitambaa alioshonewa na dada yake. Mwanafunzi hutia mkono bila kuchungulia, akatoa mawili: moja la baba, moja la mama. Hivyo ndivyo anavyofundisha jinsi viumbe wanavyorithi maumbile, na jinsi bahati ilivyochangia kuzaa aina mpya za viumbe tangu mwanzo wa uhai.

Neno hilo, bahati, nusura limponze. Miaka hiyo Mchungaji wetu, mwenyekiti wa bodi ya shule, alikuwa bado mgeni na wa moto kama pasi. Alishikilia kwamba kitokeacho kwa bahati hakina Muumba, akampa mwalimu wiki moja achague: mfuko au kazi. Mwalimu, ambaye hakosi ibada, aliumia sana, nasi tulijua hatauacha mfuko.

Wiki hiyohiyo ilikuwa ya sisi walimu kupiga kura ya zamu za kubaki kuangalia shule wakati wa likizo. Kama kawaida yetu, tuliazima mfuko uleule, tukatia vikaratasi vya majina, na Mchungaji akamwomba Mungu aiongoze kura. Alipofumbua macho, mwalimu alimwuliza kwa upole, "Baba Mchungaji, sisi tukitia mkono humu, Mungu yumo. Wanafunzi wangu wakitia, huwa ametoka kwenda wapi?"

Mchungaji alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Alikiri kwamba tusichoweza kukitabiri sisi si lazima kiwe kimemponyoka Mungu. Tangu hapo huja darasani kila mwaka kutoa maharage yake. Bado wanabishana, ila sasa ni kwenye chai.

Juzi tumepiga kura ya zamu za mwakani. Katibu alisahau kuondoa jina la mstaafu wetu, na kikaratasi cha kwanza kutoka, cha likizo ya Aprili, kikawa chake. Tulitaka kurudia. Mchungaji akakataa katakata: "Tumeshaomba. Kura ni kura."

Mwalimu, asante kwa yote. Kalee wajukuu, ulale mpaka jua likuchoke, na Mungu akuzidishie afya. Likizo ya Aprili tunakusubiri langoni. Zamu ni yako.